Nani Anazima Maji Asubuhi

Kioski cha maji cha Vitengeni kilikuwa na tabia za mtu aliyeajiriwa na shemeji yake. Asubuhi hakiamki. Adhuhuri kinaamka, kinajinyoosha, kinafanya kazi kidogo. Jua likizama kimesharudi kulala. Ukija alfajiri ukagusisha kadi yako ya maji kwenye mashine, huku mitungi ya manjano imejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye banda la fundi wa baiskeli, taa ndogo inawaka nyekundu na bomba linabaki kavu kama koo la mlevi. Ukija adhuhuri, wenzako wote wako mashambani, taa inawaka kijani na maji yanatoka kwa fujo.

Sasa adhuhuri pale kioskini huwa kuna nani? Kuna Pola peke yake, mshika kioski, ufunguo shingoni na mtungi wake mwenyewe miguuni. Kijiji hakikuhitaji ushahidi mwingine.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mama Mbeyu, jirani yake Pola, ambaye akianza hivyo ujue atasema mpaka mboga iungue. "Sisemi kitu. Lakini ni mashine gani hii inayomjua mwenyewe? Sisi tukigusa, nyekundu. Yeye akigusa, kijani. Hebu nielezeni nyinyi mliosoma."

Waliosoma walikuwa na haraka, kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda.

Na hapo bado hujamtia Njenga. Njenga alikuwa mtu wa bara, mwenye duka na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Tangu kioski kishikwe na ugonjwa wake, yeye naye alianza kupitisha mkokoteni wa punda kila asubuhi, umejaa mitungi ya maji aliyoyachota bwawani. Asubuhi kioski kimenuna, asubuhi hiyo hiyo punda wa Njenga yuko barabarani anatingisha masikio. Watu wakaunga hapa na pale, wakawapata wawili: Pola anazima, Njenga anauza.

Mzee Mangi, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakupenda maneno ya vichochoroni. Alipenda maneno ya mkutanoni, ambako yeye ndiye anayekaa kwenye kiti chenye mgongo. Alimfuata Pola mchana kweupe.

"Mama Kahonzi, Jumamosi asubuhi tuna baraza. Njoo na ufunguo."

"Kwani huwa nauacha wapi, mwenyekiti? Si huu, nalala nao."

"Njoo nao. Kurudi nao ni maneno mengine."

Kwa Pola ufunguo ule ulikuwa unga wa ugali na karo ya bintiye. Tena, tangu afiwe na mumewe, ndio uliofanya watu wamsalimu yeye kwanza kabla hajawasalimu. Ukiondoka utaondoka na hayo yote, na litakalobaki nyuma ni jina la mwizi.

Bintiye ndiye Kahonzi, kidato cha nne, msichana mwenye macho yanayoona hata yasiyomhusu. Na sasa nikwambie aibu ya Kahonzi, maana yeye hakumwambia mtu: alikuwa anamshuku mamake. Alijaribu asimshuku, akashindwa. Kila siku akirudi shuleni anakuta pipa la nyumbani limejaa hadi pomoni, wakati la Mama Mbeyu linalia ukiligonga.

Shuleni nako hakukuwa na raha. Mwalimu Nyaboke, mwenye jukumu la kuwaongoza wanafunzi kuhusu kazi, alikuwa amewaambia kila mmoja aseme anataka kusomea nini akimaliza. Kahonzi alisema uuguzi. Alisema uuguzi kwa sababu Caroline aliyeketi mbele yake alisema uuguzi, na Caroline alikuwa msichana ambaye hata akikosea hukosea kwa mpangilio.

"Darasa zima wauguzi," alisema Mwalimu Nyaboke, macho juu ya miwani. "Na wagonjwa watakuwa nani? Wewe Kahonzi, umelitoa wapi jibu hilo?"

"Moyoni, Mwalimu."

"Moyo wako umeketi nyuma ya Caroline. Fikiri tena, uniambie wiki ijayo."

Alhamisi hiyo walitolewa mapema. Kahonzi akapitia njia ya nyuma ya kioski, na huko ndiko macho yake yalikomponza. Alimwona Njenga ameinama dirishani. Alimwona akitoa kitu kidogo kilichofungwa kwa karatasi, akamtilia mamake kiganjani. Pola akatazama kulia, akatazama kushoto, akakipachika kwenye pindo la leso. Hawakucheka wala hawakusemezana. Wale walikuwa watu wenye jambo.

Jioni, Pola akisonga ugali, Kahonzi alikaa kwenye kigoda akawa kama anapanga kuni.

"Mama, leo Njenga alikuja kioskini?"

"Njenga ni mtu wa maji kama wengine."

"Ana punda mzima wa maji. Alikupa nini?"

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

"Kumbe na wewe," alisema Pola polepole. "Mimi nadhani nina watu wa nje tu wa kunichunguza, kumbe nina mwingine ndani, namlisha."

Kahonzi hakuondoa macho. Pola akafungua pindo la leso, akatoa kile kikaratasi, akakitupa mapajani mwa bintiye. Ndani mlikuwa na laini ya simu, ndogo kama ukucha.

"Ni hiyo hongo yenyewe. Haya, kula."

"Laini ya nini?"

"Ya mashine." Pola akashusha sauti, maana nyumba za kule kuta zake hazizuii maneno. "Yule fundi wa Kilifi, Simeon, alipokuja alisema mashine yenyewe ni nzima. Alisema ukigusa kadi, mashine inapiga kwanza simu huko mbali, inauliza: huyu nimpe maji au nisimpe? Ikijibiwa, inatoa. Isipojibiwa, nyekundu. Sasa Njenga akaniambia, labda ni mtandao ule wenye matatizo, tujaribu laini ya kampuni nyingine. Leo asubuhi tumefungua kifuniko tukaitia."

"Si imekatazwa kufungua?"

"Ndiyo maana unaniona nanong'ona."

"Ikawaje?"

"Nyekundu vilevile. Tukarudisha ile ya zamani, na hii mpya Njenga alikwenda kuijaribu kwenye simu yake. Ameniletea saa nane imeshika vizuri, eti niijaribu tena kesho. Yeye mwenyewe amechoka. Kibanda chake cha pesa hakifanyi kazi asubuhi, hakuna anayeweza kutuma wala kupokea. Unafikiri alimpenda punda yule? Amemnunua kwa kukosa la kufanya."

Kahonzi aliigeuzageuza ile laini. Kampuni mbili tofauti, zinazotukanana kwenye matangazo kila siku, lakini asubuhi zinakufa pamoja na adhuhuri zinafufuka pamoja. Hapo pakamchoma. Akaanza kuwaza: mtambo wa kusaga wa Mwambire, watu hulipa kwa simu, na Mwambire alilalamika wiki hii kwamba asubuhi anasaga kwa mkopo. Zahanati, yule dada wa dawa anaagiza kwa simu, na dawa zimechelewa. Kompyuta za shule, kipindi cha kwanza hazifunguki, cha mwisho zinafunguka. Kila kitu kililala na kuamka kwa saa zilezile, kama watu wa kambi moja.

"Vyote hivi vina baba mmoja," alisema kwa sauti.

"Nani?"

"Busta."

Busta ni mnara wa simu. Uko juu ya kilima kidogo nje ya kijiji, kampuni zote zimepanga juu yake kama kunguru juu ya waya. Haukuunganishwa na stima, unaishi kwa vioo vya jua na betri zake. Na mlinzi wake ni Mzee Ngala, ambaye Jumapili husimama mlangoni pa kanisa na kuonyesha watu pa kukaa, kwa uso wa mtu anayejua dhambi zako zote ila kwa leo amekusamehe.

Ijumaa baada ya masomo Kahonzi alipanda kilimani. Kwa kuwa hakutaka kuonekana, alizungukia nyuma, kwenye miiba. Akashangaa kumkuta mlinzi naye yuko huko huko kwenye miiba, amekaa juu ya jiwe nje ya ua, kirungu mapajani.

"Shikamoo, Mzee Ngala."

"Marahaba. Unatafuta nini huku?"

"Napita. Mbona umekaa huku nyuma, na lango liko kule mbele?"

"Huku kuna upepo."

Hapakuwa na upepo. Hata nyasi zilikuwa zimechoka.

"Na vile vioo vya jua unaviosha, mzee?"

"Kila siku ya Mungu."

Kahonzi alichungulia kupitia waya. Vioo vilikuwa na rangi ya barabara. Vumbi la malori ya mawe lilikuwa limelala juu yake, na juu ya vumbi ndege wameongeza lao. Nyumbani walikuwa na taa ndogo ya jua. Kahonzi alijua ukisahau kukipangusa kile kioo chake, itakuwakia kidogo jioni, kisha usiku wa manane ikuache gizani. Sasa huyu busta alikuwa taa ile ile, ila amerefuka. Jua likikaza adhuhuri anapata cha kusimamia, usiku betri hazina kitu, alfajiri amekufa.

"Mzee, vioo hivi havijaguswa tangu lini?"

"Wewe umekuwa bosi wangu?" Ngala alisimama, kisha akakaa tena. "Nenda nyumbani, mtoto wa Pola. Mmezima maji, sasa mnataka kuzima na kazi za watu."

Kahonzi akashuka, akaenda kushika njia ya mbele. Njia ya kwenda langoni ni moja tu, kwingine kote miiba imefika hadi kwenye ua, nayo inapita katikati ya mikanju, ile mikorosho ya Mzee Mangi. Na hapo ndipo alipoona, akasimama kama ng'ombe aliyeona nyoka. Juu ya njia, kutoka mkanju huu hadi ule, kulikuwa na kamba ya mkonge. Katikati ya kamba ilining'inia chupa nyeusi iliyofungwa tambara jekundu, na chini yake vitu vingine ambavyo hakutaka kuvijua majina.

Kirapho.

Alikuwa amesikia tu kwamba Mzee Mangi amechoshwa na wezi wa korosho na ameleta mganga. Hakujua kimewekwa njiani hasa. Kirapho, kwa wale ambao hawajawahi kuogopa kitu, ni kinga ya shamba. Hakina neno na mtu msafi, unaweza kupita chini yake unaimba. Lakini kama umewahi kula mali ya shamba lile bila ruhusa, upite, halafu tumbo litakuhesabia. Wengine huvimba. Wengine, wanasema, hubaki wamesimama palepale mpaka mwenye shamba aje awashike mkono.

Kahonzi alikumbuka darasa la sita. Alikumbuka moshi wa korosho zikichomwa kwenye bati nyuma ya shule, na vidole vyeusi, na utamu. Tumbo lake likanguruma, ingawa huenda ilikuwa njaa tu. Mwanafunzi wa fizikia, aliyepata alama nzuri za umeme, akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Kisha akatazama chini. Njia yote ilikuwa laini kwa vumbi, haina unyayo hata mmoja. Akamwelewa Mzee Ngala. Mtu asiyepita pale ni mtu aliyekula. Na ukisema tu "naogopa kupita" umekwisha kujitaja. Mzee wa watu angesema vipi, na Jumapili asimame mlangoni pa kanisa? Basi akaamua kulinda mnara kutoka upande wa miiba na kuapa kwamba anaosha.

Kahonzi aliteremka kilima akihesabu vidoleni. Maji yanamtegemea busta. Busta anavitegemea vioo. Vioo vinamtegemea Ngala. Ngala ameshikwa na kamba. Kamba ni ya mtu aliyemtaka mamake aje na ufunguo. Lile wazo lilimtisha na kumfurahisha kwa pamoja, na ile furaha ndiyo iliyomshangaza. Hajawahi kusisimkwa hivyo na uuguzi.

Jumamosi asubuhi baraza likajaa mbele ya kioski. Mzee Mangi kwenye kiti chenye mgongo, wengine kwenye mawe. Taa ya mashine ilikuwa nyekundu, kama imeitwa kutoa ushahidi. Pola alisimama pembeni na ufunguo wake. Njenga alisimama mbali naye kadiri kiwanja kilivyoruhusu, jambo lililowafanya watu wamshuku zaidi.

"Tusipoteze wakati," alisema Mangi. "Mama Kahonzi, lete ufunguo."

"Samahani, wazee. Shikamooni." Kahonzi alikuwa amejipenyeza mpaka mbele. "Naomba kusema neno moja kabla hajautoa."

"Mtoto amsemee mamake?" aliguna Mama Mbeyu. "Mimi sisemi kitu."

"Anayezima maji si mamangu. Mashine haipati mtandao asubuhi kwa sababu busta amekufa njaa. Vioo vyake vina vumbi. Njenga naye kibanda chake kinafungika kwa sababu hiyo hiyo, na Mwambire, na zahanati. Vikioshwa leo, kesho alfajiri maji yatatoka. Yasipotoka, chukueni ufunguo, mimi nitauleta kwa mkono wangu."

Pola akamtazama bintiye kama anayeuzwa sokoni.

"Ngala," alisema Mangi, "vioo si wewe unaosha?"

Mzee Ngala akaona kitu cha maana sana kwenye kiatu chake.

"Mzee Ngala si wa kuulizwa," Kahonzi akadakia haraka. "Twendeni wenyewe tukaone. Si mbali. Tunapita hapo kwenye mikanju ya mwenyekiti, tunafika langoni. Nani anakuja?"

Watu wakaanza kuhesabu mitungi yao.

"Mimi goti," alisema fundi wa baiskeli.

"Marvin?"

Marvin alikuwa kijana wa bodaboda, mtu wa kwenda popote. "Pikipiki haina mafuta."

"Ni kwa miguu."

"Hata miguu."

"Mimi hiyo njia siijui," alisema Njenga.

"Njia ni hiyo moja tu."

"Basi wacha nisiijue." Njenga hakuwa mtu wa kirapho, kwao hakuna, lakini watoto gani wa Vitengeni hawajamuuzia korosho pale dukani bila yeye kuuliza zimetoka kwa nani? "Hii maneno ya kwenyu mimi naheshimu."

Kahonzi akamgeukia mamake. Pola alikuwa anafunga leso upya, taratibu, kwa makini makubwa.

Mzee Mangi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukawa unabadilika kama anga la masika. Muda wote alikuwa akimtafuta mwizi mmoja wa korosho zake, na alikuwa na majina matatu kichwani. Sasa alikuwa na baraza zima.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini, mwenyekiti?" alisema Mama Mbeyu. "Sisi tumesema kitu? Tumekaa tu."

"Kitoeni, basi," mtu akasema kutoka nyuma.

"Hakitolewi hivyo. Aliyekifunga ndiye anayekifungua, na mganga amehamia kwa mwanawe, Malindi." Mangi akatoa simu yake ampigie. Akaitazama. Akairudisha mfukoni bila neno, na kuna watu walioinama ili wasionekane wanacheka.

"Mzee," alisema Kahonzi kwa adabu yote aliyokuwa nayo, "hapa kuna mtu mmoja tu anayeweza kupita pale. Na akimshika mtu mkono, huyo naye ni mgeni wake, si mwizi."

Ndivyo mwenyekiti wa kamati ya maji alivyopanda kilima na ndoo. Maji ya ndoo yalitoka kwa punda wa Njenga, kwa kuwa kioski kilikuwa bado kimelala. Funguo za lango zilitoka kwa Ngala, aliyezirusha kwa mbali. Kahonzi alishikwa mkono kama mtoto wa chekechea, na alishikilia kweli, hata kiganja cha mzee kikatoka jasho. Walipofika chini ya chupa, Mangi mwenyewe aliinua mguu juu kama anayeruka mtaro. Kahonzi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Waliosha mpaka matambara yakawa udongo. Kahonzi alimwelekeza pa kupangusa, mzee akanung'unika kwamba hajawahi kuamrishwa na mtoto, kisha akapangusa.

Jumapili alfajiri taa ikawaka kijani. Maji yakatoka, mitungi ikajaa, na Mangi akasema mbele ya watu kwamba ufunguo ubaki ulipo. Hakuomba radhi, lakini alimsalimu Pola kwanza. Pola aliitikia baada ya kumsubirisha kidogo.

Jumatatu Mwalimu Nyaboke alimwita Kahonzi.

"Umefikiri?"

"Nataka kusomea mawasiliano ya simu, Mwalimu. Minara, mitambo, yote."

"Hilo nalo umelitoa kwa Caroline?"

"Caroline bado ni muuguzi." Kahonzi alitafuta maneno. "Nataka kazi ya kujua kitu kipi kimeshikilia kipi. Kitu kikifa hapa, niweze kukifuata mpaka kule kilikofia."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Utahitaji hesabu nzuri kuliko hizo zako."

"Najua."

"Na hayo ya busta, ulijuaje?"

Alimuuliza kwa upole, lakini lilikuwa swali lile lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kikiuliza. Maana maji yalikuwa yamerudi na shaka haikuondoka, ilihamia nyumba nyingine tu. Msichana wa kidato cha nne leo anasema kesho maji yatatoka, na kesho yanatoka. Alijuaje? Na kama anajua kuyawasha, nani alikuwa anayazima?

Kwa hiyo sasa kuna desturi mpya Vitengeni. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajajaza mtungi, wanamngoja Kahonzi apite kwenda shule. Anaitwa, anachotewa kikombe, anaambiwa anywe yeye kwanza, ili kama kuna alichoyafanyia maji kimwanzie mwenyewe.

"Mimi sisemi kitu," husema Mama Mbeyu. "Kunywa tu, mwanangu. Yote."

Kahonzi hunywa, huku wanawake wote wamenyamaza wakimtazama koo linavyopanda na kushuka. Juzi alipoinua macho kutoka kwenye kikombe, akaona mamake naye, kule dirishani, anamtazama koo.